Mwewe wa Methali, Kunguru wa Kibokoni

Ilikuwa Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi. Shangazi yangu alikuwa amekalia mbuzi, anakuna nazi ya kutilia mbaazi, katika uwanda wa nyumba yake huko Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Mbele yake kuku mwekundu alikuwa akichakura majivu, na vifaranga wake 11, wa siku nne tu, wakidonoa kila alichokifukua. Kunguru wawili wakatua juu ya ukuta. Mmoja akashuka chini, akatembea pole pole hadi nyuma ya kuku, akamvuta unyoya wa mkia. Kuku akageuka kwa ghadhabu, mbawa wazi, akamkimbiza mpaka kwenye birika. Alipogeuka tena, yule kunguru wa pili alikuwa ameshashuka, ameshanyakua, ameshatua juu ya mabati ya jirani. Tulimsikia kifaranga akilia kule juu, kisha hatukumsikia tena.

Shangazi hakupiga kelele. Aliinuka, akachukua tenga kuukuu lililokuwa limeegemezwa kiambazani, akawafunika wale kumi waliobaki pamoja na mama yao. "Nilitaka wapate jua kidogo," akasema huku akipangusa mikono kwa leso. "Kosa ni langu, si lake."

Tangu siku ile nimekuwa nikiyafikiria maneno hayo. Kuku alifanya yote yaliyo katika uwezo wake. Hakukimbia, hakusita, alimkabili adui aliyemwona. Adui aliyemshinda ni yule ambaye sisi wanadamu tulimleta pwani hii, na ambaye kila siku tunamwekea chakula njiani.

Tangu utotoni nimewasikia wazee wakisema: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Husemwa kwa kushusha pumzi, mtu anapopatwa na hasara juu ya hasara, na msikilizaji hutikisa kichwa. Siku hizi nikiisikia naiona kama daftari la mfugaji. Aliyeitunga bila shaka alikuwa amefuga. Alijua kwamba kutaga ni kazi moja, kuangua ni nyingine, na kwamba hasara inayouma zaidi huja mwisho, mtu alipokwisha kuanza kufurahi. Tafiti za vijijini katika nchi nyingi za Afrika zinamuunga mkono: kwa kuku wanaoachwa wajitafutie wenyewe, nusu ya vifaranga, na mara nyingi zaidi ya nusu, hufa kabla ya kutimiza wiki nane. Kitu kimoja tu katika methali hiyo hakilingani na Mombasa ya leo. Inamtaja mwewe. Naamini ilitungwa kabla ya kunguru huyu tunayemjua kutua kisiwani.

"Shangazi, mbona kuku hakulia mapema?" nilimuuliza baadaye, mbaazi zikiwa jikoni.

"Alie nini, mwanangu? Mwewe yuwaja kutoka juu, kuku amuona kivuli. Huyu yuwaja kwa miguu, kama jirani ajaye kuomba chumvi."

Shangazi hajasoma kitabu chochote cha elimu ya ndege, lakini alichokisema kimechunguzwa maabarani. Mwaka 1993 Christopher Evans, Linda Evans na Peter Marler wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walirekodi milio ya hatari ya majogoo, kisha wakawachezea kuku jike bila kuwapo mnyama yeyote wa kuwatisha. Mlio wa adui wa angani ulipopigwa, kuku walikimbilia kujificha, wakainama na kutazama juu. Mlio wa adui wa ardhini ulipopigwa, walisimama wima, shingo ndefu, wakaangaza pande zote. Maana yake kuku ana maneno mawili ya hatari, na anayeyasikia anajua la kufanya hata kama hajamwona adui mwenyewe. Yeyote aliyekaa uwandani na kuku mwenye vifaranga ameshaisikia milio hiyo. Wa mwewe ni mmoja, mwembamba, unavutwa, na vifaranga hupotea chini ya mbawa au chini ya kitu chochote kilicho karibu. Wa paka ni wa kukatika-katika, tena na tena, mkali, na humjulisha paka pia kwamba ameonekana.

Sasa kunguru tumtie wapi? Anaruka lakini anakuja akitembea. Hana kivuli cha ghafla, kwa kuwa kivuli chake kipo siku nzima. Kuku wa Mji wa Kale huamka kunguru yuko kwenye waya, hula kunguru yuko ukutani, hulala kunguru akielekea mtini kwake. Nimekaa saa nyingi nikitazama, na ninavyoona mimi kuku mzazi wa hapa humchukulia kunguru kama sehemu ya mji mpaka amkaribie hatua mbili tatu. Mwewe anapita mara moja kwa siku na anapigiwa ukelele. Kunguru yupo siku nzima na hapigiwi.

Wala kunguru huyu si mwenyeji. Mwenyeji ni yule mwenye kifua na shingo nyeupe, ambaye siku hizi kumwona kisiwani ni nadra. Huyu mwenye shingo ya kijivu, ambaye watu wengine wa pwani humwita kurabu, asili yake ni Bara Hindi. Unguja aliletwa kwa makusudi katika miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji. Mombasa alionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1947. Ni ndege wa bandari, anayepanda meli bila kufukuzwa kwa kuwa mabaharia humrushia makombo, na kwa njia hiyo amefika mbali sana na kwao. Hata Hoek van Holland, mlangoni mwa bandari ya Rotterdam, waliteremka wawili mwaka 1994 wakazaa huko kwenye baridi. Mtaalamu wa ndege Colin Ryall alichapisha mwaka 1992, katika jarida la Scopus, uchunguzi wake kuhusu jinsi kunguru huyu anavyowasumbua na kuwala ndege wenyeji wa Mombasa, mayai na makinda yao. Kwa mwenye kuku hilo halikuwa jambo geni. Ndege anayeweza kutoa kinda la mnana ndani ya kiota kilichofumwa hashindwi na kifaranga aliye wazi juu ya sakafu.

Na hasahau. Huko Seattle, Marekani, John Marzluff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwakamata kunguru wa kwao huku wamevaa kinyago fulani, kisha wakawaachia. Miaka ikapita, na kila aliyepita uwanjani na kinyago kile alipigiwa kelele, hata na kunguru ambao hawakuwa wamekamatwa. Ni aina nyingine ya kunguru, lakini mwenye kuku wa Kibokoni atakwambia kwamba hawa wetu nao wanajua nani ana jiwe mkononi na nani anajifanya.

Basi kwa nini mtu aendelee kumwachia kuku kazi hii? Vifaranga wa kununua wapo, hutotolewa kwa mashine na kulelewa chini ya taa. Nina majibu mawili, na la kwanza ni nafasi. Mji wa Kale wote ni kama ekari 180, nyumba zimegusana ukuta kwa ukuta, na uwanda wa shangazi unatosha kamba mbili za nguo. Hapo hapafugwi kuku 200. Kwa kuku watatu au wanne, mama ni mashine isiyokatika umeme. Joto la mwili wake ni nyuzi 41 hivi, na kifaranga wa wiki mbili za mwanzo, ambaye mwili wake haujaweza kujipatia joto la kutosha, huingia chini yake anapotaka na kutoka anapotaka.

Jibu la pili ndilo ninalolipenda zaidi. Kuku hufundisha. Akipata chakula kizuri huita kwa mlio wa haraka, akikiokota na kukiangusha mpaka vifaranga waje. Mwaka 1996 Christine Nicol na Stuart Pope wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, waliwapa kuku chakula cha rangi mbili, kimoja kizuri na kimoja kilichotiwa uchungu. Kuku walipowaona vifaranga wao wakila kile walichodhani ni kibaya, walizidisha kuita na kudonoa kile kizuri, kama mzazi anayemtoa mtoto mchangani. Tunasema mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, na ni kweli, kuchakura anazaliwa nako. Kipi cha kula anapochakura, hilo anafunzwa. Katika mji ambamo ardhini pana vipande vya plastiki, vipisi vya sigara na sumu ya panya, mafunzo hayo si ya kudharau.

Kuku wa mayai wa kisasa amechaguliwa vizazi vingi asiatamie, kwa kuwa anayeatamia hatagi. Kwa hiyo koo wa kulea ni lazima awe wa kienyeji. Yule mwekundu wa shangazi ana damu ya kuchi, kuku mrefu mwenye shingo iliyosimama anayefugwa hapa Mombasa na Lamu, na ambaye wataalamu wa vinasaba wamemkuta na undugu na kuku wa mapambano wa mashariki ya Asia. Nani alimpakia, kwenye jahazi gani, hakuna aliyeandika. Tunachokiona ni ukali wake. Paka aliyejaribu mara moja kuingia uwandani alitoka na pua inayovuja damu.

Shangazi hujua kuku anataka kuatamia kabla sijagundua lolote. Kuku anavimba, anaguna, haondoki kiotani hata akiguswa, na kifuani manyoya yamepukutika ili ngozi iguse mayai. Hapo humtengenezea mahali: kapu pana, mchanga wa pwani chini yake uliochanganywa na jivu la kufukuza utitiri, nyasi kavu juu. Mayai 12, basi. Kuku mdogo humpa 10, maana yai lisilofunikwa vizuri huyapoza mengine kuku anapoyageuza. Mayai hayo huwa ameyakusanya kwa wiki moja, ncha iliyochongoka chini, kwenye kona ya baridi kando ya mtungi wa maji.

Siku ya saba usiku, akiwa amezima taa ya umeme, huchukua mayai moja moja na kuyawekea tochi ya simu kwenye upande mnene. Mara ya kwanza aliponionyesha nilishika pumzi. Ndani ya ganda mishipa myekundu ilikuwa imetanda kama utando wa buibui, na katikati doa jeusi likitikisika. Lililokuwa angavu tupu alilitoa. Hilo ni yai viza la kesho, na likipasuka kiotani huharibu mengine. Kisha subira. Mara moja kwa siku kuku hushuka, hula kwa pupa, hunywa, hujifukia vumbini, na kabla ya nusu saa amerudi. Siku ya 20 nikaweka sikio. Vifaranga walikuwa wakilia ndani ya mayai, na mama akiwajibu kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitoa kabla ya hapo. Siku ya 21 walitoka wanane, waliosalia wakamalizia alfajiri yake. Aliyetoka mwanzo hakuhitaji chakula mpaka wenzake wafike, kwa kuwa kiini cha yai kilichoingia tumboni humtosha siku mbili.

Wakatoka 11 kwa mayai 12. Methali ilikuwa imeshindwa mara mbili: kuku alitaga na kuangua. Ndipo nilipofika Jumamosi ile nikawakuta, na tukampoteza mmoja.

Baada ya siku hiyo shangazi alirudi kwenye utaratibu aliouvunja kwa huruma ya jua. Wiki ya kwanza na ya pili vifaranga wake hawatoki chini ya tenga. Tenga lake ni la fito, lile la kusafirishia kuku sokoni, limepinduliwa na kuwekewa jiwe juu. Mama hukaa nao ndani asubuhi, na mchana hutolewa atembee huku watoto wamebaki. Fito zimekaribiana kiasi cha kifaranga kutoweza kupenya, na chakula cha watoto huwekwa ndani mama akiwa nje, asiweze kukimaliza: chenga za mchele, dagaa waliosagwa, mchicha uliokatwa kama wa kupika. Chicha za nazi pia, lakini kidogo, na zikifika adhuhuri huondolewa, maana kwa joto letu huchacha haraka na huharisha vifaranga. Maji huwa kwenye kisahani chenye kokoto, ili mtoto asizame. Sikuwahi kuwaza kwamba kifaranga anaweza kufa maji ndani ya kisahani cha kikombe, mpaka shangazi aliponiambia ameshawapoteza watatu hivyo miaka ya nyuma.

Wiki ya tatu huanza kutoka, lakini chini ya wavu. Wavu wenyewe ni jarife kuukuu alilopewa na wavuvi wa Bandari ya Kale, limechoka kuvua na limeshonwa mahali pengi. Ameufunga kwenye misumari kutoka ukuta hadi ukuta, juu ya kimo cha mtu. Kazi ni kuukaza. Wavu uliolegea kunguru husimama juu yake akaushusha kwa uzito wake mpaka afikie chini kwa mdomo. Kila asubuhi huupitia kwa macho, kwa sababu njiwa na shorewanda hunaswa pia, na hao hana ugomvi nao. Mara mbili nimemwona akimkata njiwa kamba za miguuni kwa mkasi wa cherehani, taratibu, akimsemesha.

Dawa nyingine zote amezijaribu. Santuri za kung'aa zilizotundikwa zilifaa wiki moja. Kuna wafugaji wanaopaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue, lakini kunguru wa mjini ameshakula vitu vya rangi zote. Iliyonishangaza ni hii: shangazi alichukua kipande cha buibui kuukuu, akakikunja na kukifunga kwa uzi mpaka kikafanana na kunguru aliyekufa, mbawa zinaning'inia, akakitundika kwenye kamba ya nguo. Siku ya kwanza walikusanyika kunguru wasiopungua thelathini juu ya mapaa, wakapiga kelele mpaka majirani wakatoka kutazama. Hakuna aliyekaribia. Siku ya tano mmoja alikuwa amekaa juu ya kamba ile ile, shibiri moja kutoka kwenye buibui, akichambua mbawa zake.

Usiku una maadui wake. Paka wa Mji wa Kale wanajulikana mbali, wanalala barazani na kulishwa mifupa ya samaki, na sitaki mtu aniletee habari ya kuwadhuru. Paka mwenye shibe hamsumbui kuku mkali. Panya ndiye wa kuogopwa. Panya buku huingia kiotani giza likishatanda, humvuta kifaranga mguu kutoka chini ya mama yake, na kuku usiku haoni, hawezi kumtetea mtoto asiyemwona. Asubuhi unahesabu unakuta pungufu, hakuna damu wala unyoya, na mtu husingizia majini. Wavu wa chuma wa kawaida wa mabanda ya kuku, ule wenye matundu makubwa, haumzuii. Unaofaa ni wenye matundu ya nusu inchi, na uzunguke mpaka chini ya kizimba, kwa kuwa panya huchimba na kutafuna mbao. Kizimba cha shangazi kimesimama juu ya miguu ya chuma, na mlango hufungwa kabla ya adhana ya Magharibi. Kuku mwenyewe huingia bila kuswagwa. Walio kando ya mikoko ya Tudor wana nguchiro na kenge pia, lakini kizimba kinachomshinda panya huwashinda na hao.

Ugonjwa nitautaja kwa ufupi, si kwa kuwa ni mdogo. Kideri kikiingia mtaani huondoka na vifaranga, koo na jimbi kwa wiki moja, na tenga na wavu wako vikabaki vimesimama bure. Hakina tiba. Kina chanjo, ya tone moja jichoni, na ipo ile ya I-2 inayostahimili joto kuliko nyingine. Tatizo ni kwamba chupa moja hutosha kuku wengi, na mwenye kuku wanne huona ni gharama. Shangazi na majirani zake wawili hununua chupa moja, wakachanja nyumba tatu asubuhi moja kila baada ya miezi mitatu au minne. Ningependa kuona mitaa mingine ikifanya hivyo. Ni pesa chache kwa kila nyumba, na huondoa hasara ambayo hakuna mama kuku anayeweza kuizuia kwa ukali wake.

Nirudi kwa kunguru, kwa sababu huyo hakai ndani ya ukuta wa mtu mmoja. Katikati ya mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaondoa kunguru milioni moja nchini kufikia tarehe 31 Desemba mwaka huo. Dawa ya mpango huo inaitwa Starlicide, iliyobuniwa Marekani. Huwekwa kwenye vipande vya nyama baada ya kunguru kuzoeshwa mahali pa kulia, nao hufa saa kadhaa baadaye, mara nyingi wakiwa wamerudi mitini kulala, wakati dawa yenyewe imeshavunjika mwilini. Ilikuwa imetumika pwani hii hapo awali, mpaka mwaka 2005. Mimi naunga mkono, ikiwa mikononi mwa wanaojua. Nisichokiunga mkono ni mtu kununua sumu ya wadudu dukani akaitia kwenye nyama na kuiacha juu ya paa. Kunguru hushuku na kuiacha, na wanaokufa ni paka, mwewe, na wakati mwingine kuku wa mtu mwenyewe.

Unguja wametutangulia katika vita hivi. Katika miaka ya 1990 walitumia mitego na dawa, wakawapunguza kunguru kwa makumi ya maelfu. Mradi ulipokwisha na fedha zake, kunguru wakarudi. Walikuwa wameachiwa chakula chao. Hapa kwetu jaa la Kibarani, ambalo kwa miaka mingi lilimkaribisha kila aingiaye kisiwani kwa harufu na kwa wingu la kunguru, lilifungwa na mahali pake pakapandwa miti na nyasi. Nilifurahi sana. Lakini majaa madogo bado yapo: pembe ya kichochoro ambapo kila nyumba hutupa, matumbo ya samaki yaliyoachwa juu ya saruji, masalio ya nyama na mboga nyuma ya soko la Marikiti jioni. Hayo hayahitaji dawa ya kutoka ng'ambo. Kunguru huzaa kwa kadiri anavyokula, na jozi inayolea makinda ndiyo inayomvizia kifaranga wako kwa bidii zaidi, kwa kuwa na yenyewe ina midomo ya kulisha.

Shangazi siku hizi hutia matumbo ya samaki kwenye kopo lenye kifuniko mpaka gari la taka lipite. Amewaomba majirani watano wafanye vivyo hivyo, wamekubali watatu. Mmoja wao ni yule mwenye paa la mabati.

Nilirudi Kibokoni mwezi mmoja na nusu baada ya Jumamosi ile. Walikuwa tisa. Mmoja alikufa wiki ya pili, walimkuta asubuhi amelala chini ya tenga bila jeraha. Hao tisa walikuwa wameota manyoya ya mabawa, wamekuwa wakubwa kuliko njiwa, na wavu ulikuwa umekunjwa kando kwa mara ya kwanza. Mama yao alishawaacha. Kwa siku tatu alikuwa akiwadonoa kila walipomkaribia, na asubuhi hiyo alikuwa ndani ya kapu lake, anataga.

Tukawa tumekaa, shangazi juu ya mbuzi na mimi juu ya ngazi, vijana wakichakura majivu pale pale. Kunguru akatua ukutani. Akashuka chini. Akaanza kutembea, pole pole, kwa mwendo ule ule. Alikuwa bado yuko mbali, upande wa pili wa birika, mtetea mmoja mwekundu alipoinamisha kichwa upande, akamwelekezea jicho moja, na kutoa mlio ambao sikuwahi kumsikia mama yake akiutoa kwa kunguru: ule mwembamba, unaovutwa, wa mwewe. Wanane wengine hawakutazama nyuma. Walikuwa wameshaingia chini ya ngazi, kati ya miguu yangu. Mkono wa shangazi ukasimama juu ya mbuzi, kizio cha nazi mkononi, mpaka kunguru aliporuka akaenda zake.